Nyumba ya Chanika ya laki moja na nusu, au ya Kibamba ya laki mbili na nusu?

Swali: Shikamoo. Sisi ni familia ya watu wanne, tunaishi Sinza, chumba na sebule. Mwenye nyumba ametuambia kuanzia Januari kodi inapanda hadi laki tatu kwa mwezi, nasi hatuiwezi. Mume wangu anauza dukani Kariakoo, mimi ni muuguzi Upanga na mara nyingi naingia zamu ya usiku. Mtoto mmoja yuko darasa la pili, mwingine chekechea. Dalali ametuonyesha nyumba tatu. Ya Chanika ina vyumba vitatu, kodi 150,000, haina bomba ila jirani ana kisima anauza dumu 200. Kutoka mjini ni daladala mbili, jumla 1,500, kisha bodaboda 1,000. Ya Kibamba ina vyumba viwili, kodi 250,000, bomba lipo, unatembea dakika kumi kutoka Barabara ya Morogoro, nauli ya daladala na mwendokasi jumla 1,600. Ya Goba ni nzuri kuliko zote, ina geti na marumaru, 280,000. Tulikwenda kuziona Jumapili mchana. Safari ya Chanika ilituchukua saa mbili na robo, ya Kibamba saa moja na nusu. Mume anataka Chanika kwa sababu ya bei na nafasi. Tuchague ipi, na tutajuaje kama mtaa unafaa kuishi na watoto?

Jibu: Marahaba dada yangu, na ahsante kwa kuandika nauli na muda wa safari. Watu wengi wanaoniuliza swali hili huniletea kodi peke yake, na kodi peke yake haisemi chochote. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka ishirini, karibu yote hapa hapa Dar es Salaam. Familia nyingi nilizoziona zikihamia pembezoni kwa ajili ya nafuu zilirudi mjini ndani ya mwaka mmoja zikiwa na madeni, kwa sababu zilihesabu kodi zikasahau mengine yote.

Basi tuchukue namba zako tuzikokotoe. Kwenda Chanika ni 2,500 kwa mtu mmoja, kurudi ni 2,500 nyingine. Mko wawili, kwa hiyo ni 10,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 260,000. Kibamba ni 3,200 kwa mtu kwa siku, 6,400 kwa wawili, na kwa siku 26 inafika 166,400. Ongeza kodi: Chanika 410,000, Kibamba 416,400. Ile laki moja aliyoiona mumeo imeyeyuka barabarani, imebaki tofauti ya elfu sita na mia nne.

Bado hatujagusa maji. Watu wanne wanaopika, kufua na kuoga hawawezi kupungukiwa na madumu kumi kwa siku, na hapo mnajibana. Madumu kumi kwa 200 ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi. Chanika sasa ni 470,000. Hata tukisema Kibamba mtalipa bili ya maji ya elfu ishirini, mnafika 436,400. Nyumba ya laki moja na nusu ndiyo ghali zaidi. Tena hesabu hii bado imewapendelea watu wa Chanika, maana bodaboda ya 1,000 ni ya mchana penye jua. Muulize yeyote anayeshuka kituoni saa nne usiku mvua ikinyesha kama bei inabaki hiyo.

Nakuomba pia uangalie hiyo bei ya dumu. Dumu ni lita 20, kwa hiyo madumu 50 ndiyo uniti moja ya maji ya bomba. Kwa 200 unalipa 10,000 kwa uniti moja. Chukua bili yako ya Sinza uone uniti moja inauzwa ngapi. Jambo hili linaniuma kila ninapolifikiri: aliyekwenda mbali kutafuta unafuu ndiye anayenunua maji kwa bei ya juu kuliko mtu aliyepanga katikati ya jiji.

Muda nao ni mali. Tofauti ya dakika 45 kwenda na 45 kurudi, kwa siku 26, ni saa 39 kwa kila mmoja wenu. Hiyo ni kama wiki nzima ya kazi inayopotea kila mwezi mkiwa mmesimama ndani ya daladala. Na mlipima Jumapili! Jumatatu asubuhi ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu Goba nitasema kwa ufupi. Ni eneo zuri, limepanda haraka baada ya lami kufika, na mtu anayefanya kazi Mwenge, Mikocheni au Tegeta nisingemkataza. Ninyi wote wawili mnakwenda Kariakoo na Upanga. Kwa mkazi wa Goba, mwendokasi uko mbali na njia yake ya kila siku, na marumaru hazimfikishi mtu kazini. Iacheni.

Hapo ndipo penye kanuni ninayoiamini kuliko zote: usianze na nyumba, anza na njia. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, ikiwa imeongeza watu zaidi ya milioni moja kutoka 4,364,541 wa mwaka 2012. Watu hao wamejipanga kufuata barabara chache zinazotoka katikati ya mji kama vidole vya mkono: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere inayoendelea kuelekea Pugu, Kilwa, na upande wa pili wa maji kule Kigamboni. Kila kidole kina maisha yake. Barabara ya Morogoro ndiyo iliyotangulia kupata mwendokasi, mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na Kariakoo, ndiyo sababu safari yenu ya Kibamba ilikuwa fupi ingawa si karibu. Barabara ya Kilwa nayo imejengewa njia ya mwendokasi hadi Mbagala, na mtu mwenye kazi Kariakoo asiidharau. Kigamboni ina daraja tangu 2016 na ina vivuko, lakini anayeishi huko na kufanya kazi mjini anategemea mambo hayo mawili ya kuvukia, na moja likisumbua anakwama au anazunguka mbali. Kwa muuguzi anayetakiwa kupokea zamu saa kamili, mimi ningeogopa.

Kwa hiyo kidole chenu ni cha Morogoro. Nyumba ya Kibamba iko mahali panapoeleweka. Lakini sijasema muichukue. Nimesema mtafute kwenye njia hiyo, kuanzia Kimara, Temboni, kwa Msuguri, Mbezi, Luguruni hadi Kibamba, na mkipata vyumba viwili vidogo zaidi vya Temboni kwa bei hiyo hiyo, chukueni vya Temboni. Kila kituo mnachokaribia Kimara kinawapunguzia nauli na usingizi uliokatizwa.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa: mtaa unafaa au haufai?

Mlikwenda Jumapili mchana. Hiyo ndiyo saa ambayo kila mtaa wa Dar es Salaam unapendeza. Barabara kavu, watoto wanacheza, upepo unapita, na dalali anaongea. Mtaa unatakiwa kuonwa katika saa zake mbaya, nazo ni tatu: alfajiri ya siku ya kazi, saa nne usiku, na siku ya mvua.

Mvua niiweke mbele kwa sababu nimeumizwa nayo. Nilipokuwa bado mpangaji nilichukua nyumba Mbezi ya ndani, mwezi wa Januari. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imechongwa vizuri, gari dogo lilifika mlangoni. Aprili masika yalipokolea, lile bonde dogo pembeni lilikula barabara usiku mmoja. Asubuhi palikuwa na korongo lenye kina cha mtu mzima, na bomba la maji linaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Vijana wa mtaa walimvusha juu ya ubao, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mimi nimesimama upande wa pili siwezi kufanya chochote. Mpaka leo sipangi, sinunui, wala simshauri mtu kuchukua nyumba ambayo sijaiona ikilowa.

Watu wakisikia mafuriko ya Dar hufikiria Jangwani tu na Bonde la Msimbazi. Ni kweli, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lakini huku kwenu kwenye vilima vya Kimara, Mbezi na Kibamba tatizo si maji kujaa, ni maji kukimbia. Ardhi inateremka, nyumba zimejengwa bila mitaro, kila paa linamwaga maji yake njiani, na njia inageuka mto. Hata kama ni kiangazi unaweza kusoma dalili. Tazama misingi ya nyumba: ikiwa tofali za chini zimeachwa wazi, udongo umeshachukuliwa. Tazama viroba vya mchanga na matairi yaliyopangwa kwenye mteremko: hakuna mtu anayeyapanga kwa urembo. Angalia kuta kwa ndani, usawa wa goti, kama kuna mstari wa unyevu au rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu. Kisha muulize dereva wa bodaboda kijiweni: masika mnafika pale? Akisema "tunafika lakini bei inabadilika," umepata jibu lako.

Alfajiri. Muende mmoja wenu saa kumi na moja, siku ya Jumatatu, mkasimame kituoni kana kwamba mnaishi hapo. Hesabuni dakika kuanzia mlangoni pa nyumba ile hadi Kariakoo. Je, daladala inafika ikiwa na nafasi, au inatoka Kibaha tayari imejaa na watu wa Kibamba wanagombea mlango? Kama watu wanalazimika kupanda gari la kurudi nyuma ili wapate kiti, nauli yenu imeongezeka na hamkuiandika.

Usiku. Huu ni wako wewe zaidi kuliko mumeo. Zile dakika kumi kutoka barabara kuu ulizitembea mchana, ukiwa na watu watatu. Zitembee saa nne usiku, naye mumeo awe nyuma yako hatua ishirini, uone mwenyewe. Taa ziko wapi, ni sehemu gani yenye pagale au kichaka, ni duka gani linachelewa kufunga. Mama lishe na muuza chipsi wa njia ile wanajua kila kilichotokea miezi sita iliyopita kuliko mtu yeyote. Nunua chakula, kaa, ongea. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani kwa mwezi. Mtaa unaochangia ulinzi kwa uaminifu ni mtaa ambao watu wake wanajuana, na mimi hilo nalithamini kuliko geti. Ikiwa moyo wako hautulii kwenye zile dakika kumi, usijilazimishe kwa sababu ya bei, maana utazitembea mara mamia.

Maji: "bomba lipo" si jibu. Bomba kuwepo ni jambo moja, maji kutoka ni jingine. Upande wenu wa Kibamba na Mbezi unapata maji ya mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi. Mto Ruvu ukipungua, jiji zima linasikia. Oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitangaza mgao kwa sababu hiyo hiyo, na waliokaa kwenye miinuko ndio waliotaabika zaidi. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama wa nyumba ya jirani: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Yakitoka usiku wa manane siku mbili kwa wiki, mtahitaji tangi, na kama nyumba haina, gharama hiyo ni yenu. Inua macho pia utazame mapaa. Mtaa ambao kila nyumba ina matangi mawili makubwa umeshakueleza habari zake. Na kama mtalazimika kutumia kisima, chukua maji kidogo, paka sabuni mkononi. Isipotoa povu, maji yana chumvi. Nguo, masufuria na bomba zenu vitajua.

Umeme ni suala jepesi ila linagombanisha. Uliza kama nyumba ina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Mita moja kwa wapangaji watatu ni ugomvi wa kila wiki, na jokofu la jirani utalilipia wewe.

Shule. Kwa kuwa elimu ya msingi ya serikali haina ada, wazazi wengi hudhani shule zote ni sawa. Ingia shuleni siku ya kazi, omba kumwona mwalimu mkuu kwa heshima, uliza darasa la tatu lina watoto wangapi kwa mkondo mmoja na kama wanasoma kwa zamu mbili. Pembezoni mwa jiji watu huhamia haraka kuliko madarasa yanavyojengwa, kwa hiyo usishangae ukikuta watoto wamekaa wanne dawati la watatu. Lakini kwenye njia yenu kuna jambo moja lililo kubwa kuliko madawati. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa sana, ina njia nane mahali pengi, na magari ya mikoani yanapita kwa kasi usiku na mchana. Mtoto wa darasa la pili hatakiwi kuivuka peke yake. Tafuteni nyumba iliyo upande ule ule wa barabara na shule. Nyumba ikiwa nzuri lakini shule iko ng'ambo, mimi ningeiacha bila kufikiri mara mbili, hata kama kuna kivuko cha waenda kwa miguu, maana watoto hawana subira ya kukizungukia.

Kuhusu hospitali mko vizuri kuliko wengi. Hospitali ya Mloganzila iko upande huo wa Kibamba, lakini homa ya mtoto ya usiku haihitaji hospitali ya rufaa. Inahitaji zahanati au kituo cha afya ambacho kina mtu usiku. Wewe ni muuguzi, nenda pale saa tatu usiku utajua ndani ya dakika tano kama kinafanya kazi.

Halafu kuna jambo ambalo wapangaji hulipuuza wakidhani ni la wenye nyumba. Mwaka 2017 nyumba nyingi sana zilibomolewa pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Waliolala nje siku zile hawakuwa wenye nyumba peke yao. Walikuwepo wapangaji waliokwisha kulipa kodi ya miezi sita au mwaka, na hakuna aliyewarudishia. Nyumba yenu iko dakika kumi kutoka barabarani, huenda imepita mbali, lakini ukutani mkiona alama nyekundu ya X, au alama iliyopakwa rangi juu yake, msilipe hata shilingi kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza.

Kwenye ofisi hiyo mtakwenda kwa vyovyote. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wanajua nyumba ni ya nani, na wanajua kama ndugu wanaigombania mirathi. Mkataba uandikwe na mwenye nyumba mwenyewe, mbele yao, ukitaja kodi, muda, nani anatengeneza nini, na mita za maji na umeme zinasoma ngapi siku mnayoingia. Dalali apewe chake baada ya funguo kuwa mikononi mwenu. Akiharakisha na kusema kuna mtu mwingine anakuja kulipa jioni, mwambieni amkaribishe huyo mtu. Nyumba za kupanga kwenye njia hii haziishi.

Na mwombeni mwenye nyumba mlipe kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo badala ya sita. Wengi hukataa, lakini nimewaona wanaokubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo itakayowaambia kama mnaweza safari ile, na ni rahisi kuondoka ukiwa umepoteza kidogo.

Mumeo usimbeze kwa kutaka vyumba vitatu. Watoto wanakua, na mtu aliyelala miaka mingi kwenye chumba kimoja na watoto wake ana haki ya kutamani nafasi. Mwonyeshe tu hesabu ile ya 470,000 na zile saa 39. Kama ana rafiki anayeishi Chanika na kufanya kazi Kariakoo, amwombe alale kwake Jumapili aamke naye Jumatatu. Safari hiyo moja itamweleza zaidi ya barua yangu yote.

Muda mnao. Kodi mpya inaanza Januari, na vuli zinaanza kabla ya hapo. Subirini mvua kubwa ya kwanza, na kesho yake alfajiri, kabla jua halijakausha chochote, vaeni viatu vya kazi mwende Kibamba.